Sahani Iliyooshwa Mara Saba

Mama mkwe wa dada yangu alichuchumaa kando ya ndoo, akakunja mikono ya dera hadi kwenye viwiko, akaanza kuosha sahani. Ilikuwa sahani ya bati yenye ua jekundu katikati, ambayo dada yangu aliitumia kulia chakula tangu aolewe. Kabla ya kugusa maji alikwenda nyuma ya choo, akarudi na konzi ya udongo mweusi, laini, wenye unyevu. Akaulowesha, akaupaka sahani mbele na nyuma, akausugua kwa kumbi la nazi. Kisha akasuuza kwa maji, mara moja, mara mbili, akihesabu kwa sauti ndogo, na mimi nikihesabu naye kimoyomoyo, hadi zikatimia saba pamoja na ile ya udongo. Akaiegemeza ukutani ikauke.

"Sahani imetoharika," alisema. "Sasa yeye mwenyewe nitamwoshaje?"

Nilikuwa nimetoka Tanga mjini kwenda Mwera kuchukua nguo za dada yangu kwa mumewe. Nilifundishwa madrasa, kama alivyofundishwa yeye, kwamba chombo kilichoguswa na nguruwe au mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na sina ugomvi na hukumu hiyo hata leo. Ugomvi wangu ni na udongo ule. Lakini siku ile sikuwa najua chochote. Niliona mwanamke mtu mzima akiisugua sahani ya ndugu yangu kana kwamba imerambwa na mnyama, nikabeba mfuko wa nguo nikaondoka.

Mimi ni fundi wa mizani. Natengeneza mizani za wauza samaki, za wenye maduka ya nafaka, za mabucha, za yeyote ambaye mshale wake umegoma kurudi kwenye sifuri. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, kitabu kimoja baada ya kingine, nikinakili kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Dada yangu, ambaye ndiye mdogo wangu wa pekee, ameniruhusu kuandika haya kwa sharti moja: nisitaje jina la mtu, hata lake.

Alianguka mara ya kwanza mchana, shughulini, akikuna nazi. Sikuwepo, nilisimuliwa na mke wangu aliyekuwa akipepeta mchele hatua chache kutoka pale. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, nazi mkononi, akaacha kukuna, akatazama pembeni kama aliyeitwa. Halafu akaenda chini. Miguu ikawa inapiga ardhi. Mate yakamtoka, kisha mkojo. Wanawake wote waliokuwa karibu waliruka nyuma na kuziba pua kwa kanga, kwa sababu kwetu huaminiwa kwamba anayegusa povu la mtu aliyeanguka, au kuvuta harufu ya ushuzi wake, naye ataanguka siku moja. Alibaki peke yake juu ya machicha ya nazi mpaka mke wangu alipowapita, akampindua ubavu na kumfuta mdomo kwa ncha ya kanga yake mwenyewe.

Nilimsifu mke wangu kwa hilo. Mwezi uliofuata dada yangu alituzuru nyumbani kwetu Makorora, mjini Tanga, akaanguka sebuleni, mbele yangu. Mke wangu alikuwa uani. Nilisimama. Nakumbuka kwa usahihi kwamba nilisimama, nikatazama povu likishuka kidevuni mwake kama povu la maharage yanayochemka, na mguu wangu ukakataa. Mke wangu aliingia mbio, akanisukuma kwa bega, akapiga magoti.

"Lete mto," aliniambia. "Au na mto nao unauogopa?"

Jioni ile nilifanya jambo ambalo nimelificha muda mrefu. Dada yangu alikuwa amekunywa maji kwenye kikombe chekundu cha plastiki. Tulikuwa na vikombe sita vya namna hiyo. Nilikichukua kile, nikakipindua, nikakwaruza alama ndogo chini yake kwa msumari, jinsi ninavyokwaruza alama kwenye mawe ya mizani nisiyachanganye. Kisha nikakirudisha pamoja na vingine. Tangu hapo, kabla ya kunywa maji nyumbani kwangu, nilikipindua kikombe kwanza.

Walimtafutia sababu kwa miezi. Zahanati ilipima malaria, haikuonekana. Wengine wakasema ni jini wa njiani. Ustadhi wa msikiti wa kijijini kwao, mtu mpole ambaye atarudi katika habari hii, alimsomea na kumpa kombe la maandishi ya Kurani anywe. Aliendelea kuanguka. Mwisho daktari mmoja alitaka apigwe picha ya kichwa, na kwa picha hiyo tulisafiri hadi hospitali kubwa ya mbali, watatu: dada yangu, mume wake na mimi. Mume wake, shemeji yangu, ni dereva wa lori la mkonge, mtu wa mikono mizito na maneno machache, anayeswali swala zake na kunyoosha kanzu yake mwenyewe.

Daktari aliweka picha kwenye kioo chenye taa. Ubongo wa dada yangu ulikuwa wa kijivu, na ndani yake mlikuwa na vitone vyeupe, vingine vikiwa na duara pembeni. Kila kimoja kilikuwa kama punje ya mchele.

"Hawa ni watoto wa mnyoo, tegu wa nguruwe," daktari alisema. "Wamejifungia humu. Mmoja akianza kufa, ubongo unavimba kumzunguka, ndipo mgonjwa anaanguka. Inatibika, msiogope."

"Umesema tegu wa nini?" shemeji aliuliza.

"Wa nguruwe."

Daktari alieleza dawa: ya kuzuia kuanguka, ya minyoo, ya kushusha uvimbe, ipi inaanza na ipi inafuata. Akatupa bahasha ya vyeti, akaita mgonjwa mwingine. Njia nzima ya kurudi shemeji alikaa kiti cha mbele. Tulipopumzika alinunua maji chupa tatu. Yangu alinipa mkononi. Ya mke wake aliiweka juu ya kiti, akaondoa vidole haraka.

Baada ya siku tatu dada yangu alifika kwangu na mkoba wa dawa na kanga alizovaa. Nilimpigia simu mumewe.

"Shemeji, mimi sikuoa mtu wa kula haramu," alisema. "Daktari kasema mwenyewe, na wewe ulikuwepo."

"Daktari hakusema kwamba amekula."

"Basi huyo tegu aliingiaje? Kwa sikio?"

Alisema anangoja dada yangu akiri, la sivyo atampa talaka, na sababu ataitaja mbele ya watu.

Kwa wasomaji wasiotoka pwani labda niseme uzito wake. Hawakujaaliwa mtoto. Nyumba ilikuwa ya mume. Alichokuwa nacho dada yangu ni jina lake: mwanamke anayeamka alfajiri, anayepika futari watu wakaifuata. Akiachwa kwa sababu ya kuchokana, au ukali, au ugumba, angebaki na jina. Akiachwa kwa nguruwe, hakuna mtu Mwera, wala Pangani, wala Tanga, ambaye angekula tena kitu kutoka mkononi mwake. Na ushahidi walikuwa nao. Alikuwa na rafiki, mke wa mkata mkonge katika kambi ya jirani, Mkatoliki kutoka milimani, na walikuwa wakipelekeana vyakula juu ya ua.

"Umewahi kula kwake?" nilimuuliza.

"Kisamvu," alisema. "Cha nazi. Tena nazi nilimpa mimi, kaka."

Aliniapia na mkono juu ya msahafu, bila mimi kumtaka. Nilimwamini. Lakini kuamini si kupima, na mimi nilitaka kupima.

Nilisoma wiki tatu. Nilikuwa na kitabu cha wauguzi nilichonunua cha mkono wa pili, kimekatika jalada, na simu. Nilichora duara kwenye daftari, kama nichoravyo njia ya uzito kutoka kwenye sahani ya mzani hadi kwenye mshale. Vitabu hutumia neno kinyesi. Kinyesi ni mavi yaliyovaa nguo, na nguo hizo ndizo zilizotufanya tusielewe. Kwa hiyo nitasema mavi.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye punje, isiyoiva, mnyoo hukua ndani ya utumbo wake. Ni utepe mweupe, mrefu kuliko upana wa chumba ninachoandikia, na unaweza kukaa humo miaka bila mwenyewe kujua. Mtu huyo ndiye aliyekula nguruwe. Kila anapokwenda chooni hutoa mayai, madogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Nguruwe anayezurura hula mavi hayo, na mayai hugeuka punje katika nyama yake. Hapo ndipo duara hufungwa. Lakini mayai yale yale yakimezwa na mtu, kwenye maji, kwenye jani la mboga, kwenye udongo ulio chini ya kucha, hufanya kwa mtu kama yafanyavyo kwa nguruwe. Hugeuka punje: kwenye msuli, kwenye jicho, kwenye ubongo. Katika duara lile mtu anakuwa amekaa mahali pa nguruwe.

Niliyasoma mara nyingi kabla sijayaamini. Punje za kichwani hazitoki kwenye nyama. Zinatoka kwenye mavi ya mtu: ya mwingine, au ya mwenyewe kama ana mnyoo tumboni na hanawi. Ndipo nikafungua ile bahasha ya hospitali. Ndani, nyuma ya risiti, kulikuwa na cheti cha choo cha dada yangu, kilichopimwa kabla hajapewa dawa. Hapakuwa na yai hata moja. Kipimo kimoja si uthibitisho kamili. Mnyoo anaweza kuwa alikuwepo akatoka. Lakini karatasi ile ilikaa katika bahasha tangu siku ya picha, na sisi wote watatu tulishughulika na neno moja.

Niliwaeleza dada yangu na mke wangu baada ya chakula cha mchana. Nilikosea kuchagua saa.

"Kwa hiyo wifi yangu hakula nguruwe," mke wangu alisema.

"Hakula."

"Amekula mavi."

"Ndiyo. Ya mtu mwingine, kwa kadiri ninavyoona."

Dada yangu alikuwa mlangoni, ameshika sinia.

"Afadhali mngeniacha na nguruwe," alisema.

"Nguruwe angalau hukaangwa na ndimu," mke wangu alisema.

"Wifi, na wewe umejuaje?"

"Nasikia tu, wifi. Harufu haiulizi dini."

Walicheka kidogo, kisha wakaacha, na nikaona kila mmoja anatazama mikono yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuuona mji. Nyuma ya mtaa wetu kuna bustani za mchicha kandokando ya mfereji, na maji ya mfereji ule ni ya kijivu, yana ngozi juu yake kama uji uliopoa. Mvua ikinyesha, wenye vyoo vilivyojaa huvitoboa chini ili vijimwagie humo. Nilikuwa nalijua hilo tangu nilipohamia Makorora, jinsi mtu anavyojua jina la mtaa. Asubuhi mwanamke hukata mchicha, huuchovya kwenye maji yale yale ili ung'ae, hufunga mafungu. Mchicha hupikwa, basi. Lakini vitunguu vya majani, na kotimiri, na nyanya zilizofutwa kwa kitambaa kimoja tangu alfajiri? Kachumbari ya pilau ya arusi hukatwa na mikono kumi, na hakuna anayeuliza mikono ile imetoka wapi. Niliacha kula vitu vibichi. Nikaacha kushika mkono mdomoni. Chakula cha shughuli kilinishinda kabisa. Nilikuwa nakitazama kikipita kutoka mkono hadi mkono, kisha naaga.

Nilirudi Mwera, na nilianzia kambini. Nilikuwa na sababu: muuza nyama ya nguruwe wa pale, Mlutheri kutoka milimani, mtu mnene mwenye aproni safi kuliko za mabucha wengi wa mjini, alikuwa amenipigia simu kuhusu mzani wake. Niliufungua nikiwa nimeushika kwa kitambaa. Aliona, akatabasamu.

"Osha tu mikono, fundi, hakuna atakayekuandika."

Nilimuuliza kuhusu punje. Hakukasirika. Alileta kipande alichokuwa amekitenga kukichoma moto, akakipasua kwa ncha ya kisu. Katikati ya nyama nyekundu mlikuwa na vifuko vyeupe, viking'aa. Alikiminya kimoja kwa kidole gumba, kikaruka kama mbegu ya tunda, kikabaki kwenye ubao. Niliona pale pale picha ya kichwa cha dada yangu. Nilikwenda nje, nikatapika kwenye majani ya mkonge.

"Hii mimi siuzi," alisema niliporudi. "Wapo wanaouza. Wanakata vidogo, wanakaanga haraka, mteja ana njaa na ana haraka. Hasa wa mlango wa nyuma."

"Nani hao wa mlango wa nyuma?"

"Watu wa kofia kama yako, fundi. Anayekula hapa mbele simjui hata jina. Anayekula nyuma namjua mpaka saizi ya kiatu."

Nilisema, bila kukusudia mengi, kwamba nina shemeji yangu hapa, dereva wa lori la mkonge. Alichukua jiwe la kilo akaliweka juu ya mzani, akalitoa, akaliweka tena.

"Umerudi kwenye sifuri vizuri," alisema. "Asante."

Kutoka kambini nilikwenda kumtafuta ustadhi. Nilimwamkia, nikamweleza duara langu lote, kwa daftari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwomba kitu kimoja tu: twende wote nyumbani kwa shemeji yangu tukautazame udongo.

Mama mkwe alitupokea vizuri kwa sababu ya ustadhi. Shemeji alikuwa safarini na lori. Nilimpeleka ustadhi nyuma ya choo. Ni choo cha shimo fupi, kwa kuwa pale ukichimba kidogo tu unakuta maji. Ukuta wake chini ulikuwa umetoboka, pana kama kofia, na kutoka kwenye tundu lile mvua zilikuwa zimeburuta ulimi mweusi hadi kwenye shina la mgomba. Mgomba ulikuwa umenawiri kuliko yote uani. Ulimi ule ndio udongo laini. Kulikuwa na alama za vidole ndani yake, nyingi, pale walipokuwa wakichota.

Ustadhi aliinama, akachukua kidogo, akaupeleka puani. Nzi wakafuata mkono wake.

"Udongo wa kutoharishia sharti wenyewe uwe tohara," alisema. "Hili hata mtoto wa madrasa analijua. Mama, hapa ndipo mnapochota?"

"Ndiyo, ndio ulio laini, ustadhi. Wa kule mbele una kokoto, unakwaruza sahani."

"Na vyombo vyote?"

"Tangu yatokee haya, vyote. Mwanzo masufuria tu, yale ya masizi."

Alitazama kiganja chake, akatazama jikoni, na nikajua anachowaza, kwa sababu mimi nilikwisha kuwaza kabla yake.

"Nimekula hapa kila Ijumaa," alisema.

Aliomba maji na sabuni. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akanawa tena. Chakula kilikuwa tayari, alisema amefunga. Mama mkwe akasema leo si Jumatatu wala Alhamisi. Alisema amefunga hata hivyo.

Ustadhi ndiye aliyezungumza na shemeji yangu, si mimi. Nilisikia baadaye kwamba alimweleza kwa utulivu, na kwamba shemeji aliuliza swali moja: kama mke wake hakula, basi nani aliyekula? Ustadhi alimjibu kwamba ndilo swali lenyewe. Baada ya wiki simu ililia.

"Mwambie arudi," shemeji alisema. "Yameisha."

Nilimpelekea dada yangu ujumbe kama ulivyo. Alikuwa akichambua mchele.

"Yameisha yapi?"

"Hakufafanua."

"Sirudi kula pale mpaka ijulikane mavi ni ya nani," alisema. "Kila mtu wa nyumba ile alete kikopo cha choo. Wote. Kisha nitarudi, na nitafundisha watu kunawa."

Daktari wa mjini alikubaliana naye. Alisema mwenye mnyoo anaweza kuwa katika nyumba ile ile, naye hutibiwa kwa dawa ya siku moja, na bila hivyo ataendelea kuumiza wengine. Watu waliokuwa wakiishi na kula nyumbani mle, kumwondoa dada yangu, ni sita: mama mkwe, shemeji, dada yake shemeji mwenye mtoto mchanga, binamu wawili, na mzee mmoja mpangaji. Nilinunua vikopo sita, nikabandika karatasi, nikaandika majina kwa kalamu isiyofutika. Ustadhi alikubali kuvipeleka na kuvirudisha. Vitano vilirudi baada ya siku mbili. Nilivipeleka maabara nikiwa nimevifunga kwenye karatasi, kisha kwenye kitambaa, kisha kwenye mkebe wa vifaa vyangu, na nimeutupa mkebe ule. Watatu walikuwa na minyoo mingine. Tegu hakuonekana.

Cha shemeji hakikuja. Alikuwa safarini. Kisha alikuwa na tumbo la kufunga. Kisha kikopo kilipotea, nikapeleka kingine. Siku zilipita, na dada yangu kila jioni aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama maji yamechemka.

Hatimaye ustadhi alikuja Makorora mwenyewe, mara baada ya swala ya Ijumaa, na kikopo kikiwa katika mfuko wa kanzu, kimefungwa kwenye karatasi ya kaki. Alisema amepewa mkononi na mwenyewe. Tulikwenda maabara pamoja. Mtu wa maabara, kijana mwenye miwani na masihara, alifungua kifuniko, akatazama, akasoma karatasi ya jina, akatazama tena. Alichukua kidogo akaweka kwenye kioo cha darubini, akainama kwa muda mfupi mno.

"Huyu mzee ana umri gani?"

"Arobaini na sita," nilisema.

"Ananyonya?"

Hatukuelewa. Akatusogezea kikopo. Kilikuwa na kitu cha njano, chepesi, chenye chembe nyeupe za maziwa yaliyoganda.

"Haya ni ya mtoto wa ziwa," alisema. "Mtu mzima hata akinywa uji mwaka mzima hawezi. Nyie mnanitania, au mnataniwa."

Nilifikiria mtu wa makamo, wa mikono mizito, akimsubiri mtoto mchanga wa dada yake anye, akichota kwa kijiti, akifuta ukingo wa kikopo, akikabidhi kwa ustadhi na kumwambia asante. Katika yote niliyoyaona mwaka ule, punje, ulimi mweusi, mfereji, hilo ndilo lililonichafua zaidi. Alikuwa tayari kushika mavi. Alichokataa ni ya kwake yatazamwe.

Sina ushahidi kwamba shemeji ana tegu. Mayai aliyomeza dada yangu yanaweza kuwa ya miaka mingi nyuma, ya muuza chakula, ya mgeni, ya mtu ambaye sitamjua. Ninaandika nilichopima na ninaacha nisichopima.

Tulirudi nyumbani na ustadhi. Dada yangu alikuwa barazani. Nilimweleza, taratibu, kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza, akamgeukia ustadhi.

"Kwa hiyo ustadhi umeyabeba kwenye kanzu?"

"Ya Ijumaa," ustadhi alisema. "Na nimeswali nayo, mama. Nitairudia adhuhuri yangu."

Dada yangu alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na mke wangu alitoka mbio akidhani ameanguka. Alipotulia alijifuta macho kwa kanga.

"Mwambie aniandikie talaka yangu," alisema. "Sababu aandike mwenyewe anayoijua."

Talaka ililetwa mwezi uliofuata. Karatasi haikutaja sababu, na mbele ya watu shemeji hakusema kitu. Lakini neno nguruwe lilikuwa limekwisha kupita mitaani, na kutokuwepo kwake kwenye karatasi hakukulirudisha. Nilikuwa tayari. Nilikuwa na daftari, cheti cha hospitali, kauli ya mtu wa maabara. Nilimwambia dada yangu kwamba nitakwenda Mwera, nitakusanya watu, nitawaeleza hatua kwa hatua, mpaka kikopo.

"Kaka," alisema, "tumezungumza mavi mwaka mzima. Asubuhi mavi, jioni mavi. Mimi nataka kula."

Akatukatia kachumbari mwenyewe. Aliosha nyanya kwa maji yaliyochemshwa, akanionyesha kucha zake kabla ya kushika kisu, kwa kunikejeli. Alikula. Mke wangu alikula. Mimi nilichukua kipande kimoja, nikakitafuna muda mrefu, nikakimeza.

Sasa ni miaka miwili. Anatumia dawa, haanguki sasa ila mara moja moja, na anapika futari ya kuuza hapa Makorora. Wanaonunua wapo, wasionunua tunawajua. Wiki ile ya talaka nilichukua kikombe chekundu kabatini nikakipindua. Alama ilikuwepo. Mke wangu alikuwa nyuma yangu.

"Nilikiona siku ile ile ulipokikwaruza," alisema. "Maji ya mezani nilikuwa nakuchotea kwa kikombe hicho kila siku, ila nayamimina kwenye glasi kwanza."

Nilikisugua kwa msasa mpaka chini pakawa laini, nikakirudisha na vile vitano. Hata hivyo, leo mchana kabla ya kunywa, mkono wenyewe ulikipindua kikombe.